Kompyuta Isiyofunguliwa Haifundishi

Nasema mapema ili msomaji ajue anabishana na nani. Somo la kompyuta katika shule zetu nyingi za Uganda ni somo la kukariri, na litabaki hivyo mpaka mwanafunzi aruhusiwe kushika bisibisi. Tunafundishwa kompyuta kama mtu anayefundishwa kuogelea kwa picha ya mto. Mwanafunzi anaandika fasili ya prosesa, anachora masanduku matatu yenye mishale, anapata alama zote. Siku mashine ikikataa kuwaka anaitazama kama mgonjwa aliyelogwa.

Siwalaumu walimu peke yao. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, mwanafunzi wa A-level huchagua kati ya Subsidiary ICT na Subsidiary Mathematics, kwa hiyo maelfu hupita katika somo hili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unahimiza ustadi na miradi. Karatasi inasema vizuri sana. Lakini ingia maabara. Katika shule niliyosoma mimi, maabara ilikuwa chumba chenye nondo madirishani, ufunguo ukikaa kwa mtu mmoja, mashine zimevikwa vitambaa kama maharusi, na ukutani tangazo: USIGUSE WAYA. Tulikaa wanne kwa mashine moja tukijifunza kukoleza maandishi katika Word. Mashine ikifa ilisukumwa ukutani, na hapo ikasubiri mfadhili alete nyingine. Nilipoondoka, zilizosukumwa ukutani zilikuwa nyingi kuliko zilizo mezani. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini zimekufa. Maiti zote zile, na darasa zima la watu wanaosomea udaktari, na hakuna aliyeruhusiwa kupasua hata moja!

Mimi kompyuta nilijifunza Kamwokya. Anayeijua Kampala anajua kwamba Kamwokya ina sura mbili. Juu, kando ya Kira Road, kuna Jumba la Makumbusho ya Taifa, ofisi kubwa na ubalozi wa Uingereza. Teremka kuelekea Kifumbira, barabara inakuwa kichochoro, kichochoro kinakuwa mtaro, na mvua ikinyesha mtaro unaingia nyumbani. Sisi tulikaa chini. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa mafungu, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Tuliambiwa tusome kwa redio, televisheni na intaneti. Waliokuwa na kompyuta nyumbani waliendelea na masomo. Sisi tuliendelea kuchota maji.

Kaka yangu alikuwa akisaidia katika kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Mwenye kibanda sote tulimwita Mzee, ingawa hakuwa amefika miaka arobaini. Mwezi wa Agosti 2021 nilimwendea.

“Mzee, shikamoo. Nataka kununua kompyuta, nitakulipa kidogo kidogo.”

“Marahaba, mwanangu. Hapa hatuuzi kompyuta. Hapa kuna vipande. Kompyuta utaiunda wewe.”

Nilidhani ananitania. Kumbe lilikuwa somo la kwanza. Kwa miezi minne, kila nilipopata fedha kwa kuuza chapati za mama, nilileta shilingi elfu kumi au ishirini, na kwa kila malipo nilichagua kipande. Kasha lilitoka ofisi fulani iliyobadilisha mashine zake, ubavu mmoja haupo. Prosesa ilikuwa Core 2 Duo, kongwe lakini nzima. Vijiti viwili vya kumbukumbu vya DDR2, gigabaiti moja kila kimoja. Diski kuu ya gigabaiti 160. Skrini yenye mstari wa kijani katikati. Sikuruhusiwa kuchukua kipande chochote kabla ya kueleza kinafanya nini na kinakaa wapi.

Hebu nieleze nilichojifunza, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Kijiti cha DDR2 kina pengo dogo chini, na cha DDR3 kina pengo hilo mahali pengine, ili mtu asikiingize pasipo pake. Mzee alisema, “Kipande kikikataa, usikilazimishe, kisome.” Pawasaplai hupimwa kabla ya kufungwa: unachukua pini ya karatasi, unakunja, unaunganisha waya wa kijani na waya mweusi katika kichwa cha waya nyingi, na feni ikizunguka unajua ina uhai. Siku ya kuwasha mara ya kwanza, mashine ilipiga milio na kioo kikabaki cheusi. Mzee hakugusa kitu. Aliuliza: “Imesema nini?” Nilijifunza siku hiyo kwamba milio ile ni lugha, kwamba ubao mama hupiga mlio kwa mpangilio fulani ukikosa kuona kumbukumbu. Tulivitoa vijiti, tukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, tukarudisha. Ikawaka.

Halafu ikaja kesi ya saa. Kila asubuhi kompyuta iliamka ikidhani bado tuko miaka mingi nyuma, na kivinjari kikakataa kufungua tovuti kikisema si salama. Katika darasa letu hili lingeitwa “tatizo la mtandao” na likaishia hapo. Kibandani tulilifuata hatua kwa hatua. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake. Saa hutunzwa na betri ndogo ya duara, CR2032, iliyo juu ya ubao mama. Betri imekufa, saa imerudi nyuma, cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, tovuti inakataliwa. Betri mpya ikamaliza ugomvi wote. Kutoka kwenye kidude cha ukubwa wa sarafu mpaka usalama wa intaneti ya dunia nzima, mnyororo ni huo mmoja, na nimeushika kwa vidole. Nionyesheni ukurasa wa daftari la ICT unaofundisha hivyo.

Najua wapinzani wangu watasema nini, nimebishana nao bwenini mara nyingi. Wa kwanza husema: kuunganisha vipande si kutengeneza kompyuta, vipande vyenyewe vimetoka Asia na Marekani, mnajisifia nini? Nawakumbusha historia. Mwaka 1975 huko Marekani iliuzwa Altair 8800, kompyuta iliyomfikia mnunuzi ikiwa vipande ndani ya boksi, achome risasi mwenyewe. Machi mwaka huohuo vijana wa California walianza kukutana katika gereji kubadilishana ujuzi, wakajiita Homebrew Computer Club. Apple I ya mwaka 1976 iliuzwa kama ubao tu, na mnunuzi alitafuta kasha, pawasaplai na kibodi mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeyeyusha mchanga akafanya chipu nyumbani. Waliunganisha vya wengine mpaka wakajua kilichopungua, ndipo wakaanza kubuni vyao. Hakuna anayeruka ngazi hiyo. Wanafunzi wa Makerere waliozindua gari la Kiira EV mwaka 2011 nao hawakuchimba chuma.

Wa pili ana hoja nzito zaidi, nami namheshimu. Anasema mashine hizi kuukuu ni takataka za wazungu, zina risasi na sumu nyingine, na tukizipenda tunageuza Kampala kuwa jalala. Serikali ilikwishaona hivyo: mwaka 2009 ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika. Hofu ni ya kweli. Nimeona watu wakichoma waya ili wapate shaba, na moshi ule si wa kuvuta. Lakini tujiulize, ni nani anayeweza kutenganisha kizima na kibovu? Ni nani anayeijua pawasaplai iliyovimba na anayejua kwamba feni iliyojaa vumbi inahitaji brashi tu? Ni yule aliyefungua. Mtu asiyejua kufungua hutupa mashine nzima kwa sababu ya betri ya sarafu. Taifa lisilojua kutengeneza ndilo linalozalisha takataka nyingi, hata likinunua vipya vitupu. Tena mashine zilizokufa katika maabara za shule hazikuhitaji kuvuka mpaka wowote, ziko humu humu tayari.

Wa tatu husema zama zimepita. Siku hizi kompyuta ndogo na simu zimechomelewa na kugundishwa kila kitu, kumbukumbu haichomoki, kasha halifunguki, basi unafundisha ufundi wa babu. Mimi nasema hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Aliyezaliwa akaona kila kitu kimegundishwa hudhani gundi ni sheria ya Mungu. Aliyewahi kubadilisha kijiti cha kumbukumbu kwa nusu dakika hujua kwamba gundi ni uamuzi wa mtu fulani, aliyeona faida yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa kifaa chake. Sisi tutaidaije haki hiyo ikiwa hatujui hata kwamba kifaa hutengenezeka?

Wa nne ndiye anayenikera. Anasema: wewe mwenyewe umejifunza mtaani, basi mtaa ufundishe, shule ibaki na nadharia. Maneno haya yanasikika kama sifa kwa Kamwokya, lakini ndani yake kuna ukatili. Mimi niliingia kile kibanda kwa sababu kaka yangu alikuwa ndani. Wasichana wa jirani zetu, wenye akili kunishinda, mama zao wasingewaruhusu kushinda kutwa kati ya vijana wa kiume sokoni. Hata mimi, wateja walipoingia walinipita wakamtafuta “fundi”, na wengine waliniuliza bei ya muda wa maongezi. Maarifa yanayotegemea kuwa na kaka mahali fulani ni bahati. Shule ilibuniwa ili bahati isiwe ndiyo mlango pekee. Shule ikikataa kufungua boksi, inawaachia mtaa waamue nani ajue na nani asijue, na mtaa una mazoea yake.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaosoma Kiswahili pia. Tunakaa semina nzima tukigombana kama ni kipakatalishi au kompyuta mpakato, kinanda au kibodi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, nayo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini istilahi huishi pale tu kazi inapofanywa kwa lugha hiyo. Kibandani kwa Mzee walikutana Waganda, Wanyankole na Wakongo, na lugha iliyowakutanisha mara nyingi ilikuwa Kiswahili, cha kila aina. Waliita meno ya kumbukumbu “meno”, ubao mama “mama” tu, na mashine inayojizima kwa joto walisema “ina homa”. Hakuna kamati iliyokaa. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022. Kama tunataka lugha hiyo iwe na maneno ya teknolojia, tuipe kwanza bisibisi.

Basi nadai nini? Sidai fedha nyingi. Kwanza, kila maabara ya shule itenge mashine zake zilizokufa ziwe za kufunguliwa, na mwanafunzi asiguse Word kabla hajaivunja na kuiunganisha moja. Mashine iliyokwisha kufa haiwezi kuuawa mara ya pili, kwa hiyo hofu ya “mtaharibu” haina msingi. Pili, mtihani wa vitendo, ambao sasa hupima kuandika barua na kujaza majedwali, uwe na swali moja la kutafuta hitilafu: hii hapa mashine, haiwaki, eleza umefanya nini, kwa mpangilio gani, na umegundua nini. Hata asiyeiwasha apate alama kwa kufikiri sawasawa. Tatu, ofisi za umma zinazouza mashine kuukuu kwa mnada zitoe sehemu kwa shule, diski zikiwa zimefutwa. Nne, fundi wa mtaani aalikwe darasani na alipwe kama mwalimu, hata kama hana cheti. Shule nyingi ziko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa mtu anayejua zaidi ya vitabu vyao, na hazijawahi kumsalimu.

Atakayesema mambo haya ni magumu namwomba afanye jaribio dogo. Aende kwenye maabara ya shule iliyo karibu naye, aombe ufunguo, ahesabu mashine zilizosukumwa ukutani, kisha amuulize mwanafunzi yeyote zimekufa kwa ugonjwa gani. Jibu atakalopata ndilo alama halisi ya somo letu la kompyuta.