Mwongozo wa kazi ni wa fundi au wa kabati?

Leo siongelei siasa wala bongo fleva. Naongelea makaratasi ya kazini. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo, lakini vumilieni kidogo, maana kuna watu wanapoteza kazi kwa sababu ya makaratasi haya, na wengine wanaweza kupoteza vidole.

Jirani yangu mmoja, kijana anayefanya kazi kwenye kiwanda fulani (jina naliacha), aliniletea kijitabu nimsomee. Kurasa arobaini na ushee, Kiingereza kitupu. Alipewa siku ya kwanza kazini, akaambiwa asaini ukurasa wa mwisho kwamba amesoma na ameelewa. Akasaini. Wewe ungefanyaje wakati unatafuta ugali? Sasa amepewa barua ya onyo kwa kuvunja kanuni iliyojificha katikati ya kijitabu hicho. Kanuni yenyewe ni rahisi kuliko maji: usifungue kinga ya mashine kabla ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Yeye alikuwa anazima kwa kitufe cha mashine tu, kama alivyowaona wenzake wakifanya.

Ni sentensi moja hiyo jamani. Ingebandikwa kwenye mashine yenyewe, kwa Kiswahili, asingepewa onyo. Na kubwa zaidi, asingekuwa anauweka mkono wake rehani kila zamu bila kujua.

Hoja yangu ni hii: utaratibu ambao anayetakiwa kuufuata hawezi kuusoma si utaratibu, ni ngao ya bosi. Ajali ikitokea, faili linafunguliwa: "Sisi tulimwambia, saini yake hii hapa."

Lakini tusikimbilie kukilaumu Kiingereza peke yake. Kiswahili chetu cha ofisini nacho kina vituko vyake. Someni hii, nimeitunga mwenyewe lakini nina hakika mmeshakutana na ndugu zake kwenye ubao wa matangazo:

"Mtumishi atakayekuwa na udhuru wa kutohudhuria katika kituo chake cha kazi atapaswa kuwasilisha taarifa kwa mamlaka husika ndani ya muda muafaka, na endapo atabainika kukiuka, hatua stahiki zitachukuliwa."

Mamlaka husika ni nani? Muda muafaka ni saa ngapi? Hatua stahiki ni zipi, na nani atazichukua? Hakuna hata moja lililojibiwa. Sasa linganisha na hii:

"Ukiumwa au ukipata dharura, mpigie simu msimamizi wa zamu yako kabla ya saa 1 asubuhi. Asipopokea, mtumie ujumbe. Siku ukirudi, mletee cheti cha daktari. Usipotoa taarifa, utapewa onyo la maandishi."

Ujumbe ni ule ule, ila huu wa pili unamwambia mtu afanye nini, lini na kwa nani. Ule wa kwanza unamwachia bosi nafasi ya kuamua baadaye kulingana na anavyokupenda au kukuchukia. Maneno yenye ukungu siku zote humfaa mwenye rungu.

Kuna atakayesema huku ni kubishania maneno tu. Basi tuangalie jambo lililofanyika ndani ya mkoa wetu huu huu wa Morogoro. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya kukagua kabla na baada ya upasuaji katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa London, nyingine Toronto, nyingine Seattle, na moja ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Orodha ilikuwa na mambo 19 tu, yamegawanywa mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa nusu kaputi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumba cha upasuaji. Ni mambo ya kawaida kabisa: Huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua upande gani? Vifaa vimehesabiwa vyote?

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Ukijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari wale walishasoma vitabu vinene miaka mingi. Wakati mgonjwa yuko mezani walihitaji ukurasa mmoja wenye yale yanayosahaulika, basi. Na pale ilipofaa, orodha ilitafsiriwa kwa lugha ya wenyeji na kurekebishwa ili iendane na kazi ya kila hospitali.

Ila karatasi fupi nayo si dawa ya mitishamba inayotibu magonjwa mia. Jimbo la Ontario, Kanada, lilihimiza hospitali zake zote kutumia orodha ya namna hiyo. Utafiti wa hospitali 101, uliotolewa mwaka 2014, ulikuta vifo vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo mno kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema ni kazi ya orodha. Wapo waliodai kwamba hospitali nyingi zilikuwa zinajaza tiki tu. Mimi naliona hilo kila siku hata kwenye ofisi zetu: karatasi ikishushwa kutoka juu, watu wanaijaza ili iishe. Ikitoka kwa wanaofanya kazi, wanaitetea kama yao.

Na sheria yetu inasemaje? Hapa ndipo mabosi wengi wanapojisahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna ambayo ataelewa. Kifungu cha 16 kinataka haki za wafanyakazi zibandikwe mahali zinapoonekana. Halafu kuna Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Mtu akifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, anayeamua kama ilikuwa haki anatakiwa kujiuliza kama kanuni iliyovunjwa ilikuwa wazi, na kama mfanyakazi aliijua au angetarajiwa kuijua. Kwa hiyo ile saini ya ukurasa wa mwisho haimalizi maneno. Mwaka 2021 hata Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama, ingawa Kiingereza kimebaki kwenye mazingira fulani. Kama sheria za nchi zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, maelekezo ya mashine moja yanashindwa nini?

Utetezi mwingine ninaousikia ni kwamba wakaguzi wa ubora wanataka mafaili manene. Ilikuwa hivyo kwa kiasi. Kiwango cha ISO 9001, toleo la 2008, kilidai kitabu cha ubora na taratibu sita za maandishi. Toleo la 2015 liliyafuta masharti yote hayo. Linataka uwe na kumbukumbu zinazoifanya kazi iende, ukubwa wake utaamua mwenyewe. Kwa hiyo kabati likijaa, usimsingizie mkaguzi.

Sasa nakuja kwako msomaji, wewe mwenye digrii uliyeajiriwa juzi. Siku moja bosi atakutupia hii kazi: "Tuandikie mwongozo, we si msomi bwana." Tafadhali usiende kunakili wa kampuni ya nje na kubadilisha jina. Nenda kwanza kasimame karibu na anayefanya kazi hiyo, muone akiifanya mwanzo hadi mwisho. Muulize wapi watu hukosea. Kisha andika hatua moja kwa mstari mmoja, kila hatua ianze na kitendo: zima, kagua, jaza, peleka. Taja cheo cha anayehusika, saa, na la kufanya mambo yakiharibika. Ukimaliza, mpe mgeni ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, aifuate huku umenyamaza. Pale atakaposimama na kukuangalia usoni, hapo ndipo pa kuandika upya. Weka tarehe, na jina la mwenye dhamana ya kuirekebisha.

Morogoro tuna bahati ya aina yake. Upande wa barabara ya Iringa kuna Mzumbe, ambako nchi hii imekuwa ikiwafunza mameneja tangu ilipokuwa taasisi ya IDM, na ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Upande huu wetu wa Bigwa kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ambako vijana wanajifunza ufundi. Wa kule atakuja kuandika mwongozo, wa huku atakuja kuutumia. Wanaweza kuishi mji mmoja, wakapanda daladala moja pale Msamvu, na wasiwahi kukaa meza moja hata siku moja kuulizana kama maneno yanaeleweka.

Jumatatu ukifika kazini chukua mwongozo mmoja tu kutoka kabatini, umpelekee mtu wa zamu, umuulize: "Hii inakuambia ufanye nini?" Akishindwa kujibu, aliyefeli mtihani si yeye. Ni aliyeandika.