Sol Kerzner hakuanza na mikono mitupu

Tangazo la kamati kuhusu safari ya mwisho wa mwaka limetufurahisha, isipokuwa sentensi moja. Tunakwenda Sun City, vizuri. Lakini tangazo linamwita mwanzilishi wake, Sol Kerzner, "kijana wa Jozi aliyeanza na mikono mitupu", na linatuhimiza sisi, ambao wazazi wetu wengi walifika hapa na begi moja kutoka Tanga, Mombasa au Bukavu, tufuate nyayo zake. Sentensi hiyo tunaipinga, na tunaiomba kamati isituone wakorofi.

Kerzner alizaliwa Johannesburg mwaka 1935. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya ya Mashariki, na biashara ya hoteli aliikuta nyumbani. Alisomea uhasibu Wits, katika miaka ambayo kijana mweusi wa rika lake aliyepata nafasi hiyo alikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1964 alifungua hoteli ya Beverly Hills huko Umhlanga, karibu na Durban, na mwaka 1969 akaungana na kampuni ya bia, South African Breweries, kuanzisha Southern Sun. Bidii alikuwa nayo, wala hatumnyimi. Ila mikono mitupu haifanani hivyo.

Na bado hatujautaja mtaji wake mkubwa kuliko yote, ambao ulikuwa mpaka. Sheria za Afrika Kusini zilikataza kasino. Mwaka 1977 serikali ya makaburu ikaitangaza Bophuthatswana kuwa nchi huru chini ya Lucas Mangope, "nchi" ambayo hakuna taifa lililoitambua isipokuwa Afrika Kusini yenyewe na bantustani wenzake. Miaka miwili baadaye Sun City ikafunguliwa humo. Mzungu wa Johannesburg aliyekatazwa kucheza kamari kwao aliendesha gari kwa saa mbili hivi, akawa yuko "ng'ambo", ambako kasino ilikuwa halali. Mpaka huohuo uliwanyang'anya mamilioni ya watu weusi uraia wa nchi waliyozaliwa. Kwa hiyo tukisema Kerzner aliona fursa, tuseme na fursa yenyewe ilikuwa nini.

Wenzetu wenye asili ya Uganda walitukumbusha familia ya Madhvani. Huko mtu hasemi "mikono mitupu", kwa sababu utajiri unajulikana ulikotoka: Muljibhai Madhvani alianzisha sukari ya Kakira, karibu na Jinja, na warithi wake leo wana hoteli za mbugani za Mweya na Paraa. Akitajwa mmoja wao, watu husema upesi, "Huyo si alirithi tu." Lakini mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, Manubhai Madhvani akatiwa gerezani, na mali ya familia ikachukuliwa. Walirudi miaka ya 1980 kuanza kujenga upya. Basi mrithi alipokonywa kila kitu kwa amri ya serikali, na anayeitwa mtu aliyejitengeneza mwenyewe alipewa soko zima na serikali. Maneno yetu ya kusifu yamekaa kinyume, au sivyo?

Zamani hizo watu hawakuhitaji makala kuyajua haya. Frank Sinatra alipoimba Sun City mwaka 1981 alilaumiwa, na Queen vilevile mwaka 1984. Mwaka 1985 wanamuziki wengi wakiongozwa na Steven Van Zandt walitoa wimbo wa kuapa kwamba hawatapanda jukwaa hilo. Baadaye Kerzner alituhumiwa kumhonga George Matanzima wa Transkei ili apate haki ya pekee ya kasino huko. Yeye alidai alilazimishwa kulipa, na mashtaka yaliondolewa mwaka 1997. Hata Ngazija, kwa ndugu zetu wa lugha, Sun International iliendesha hoteli ya Galawa wakati nchi nyingi za Afrika hazikutaka kuwaona makaburu. Hoteli hiyo ilishafungwa.

Tunajua jibu litakalokuja: alileta ajira. Alileta, na wafanyakazi wake wengi walikuwa Watswana wa hapohapo. Mama wa mmoja wetu ametandika vitanda vya hoteli mjini hapa kwa miaka kumi na moja, na karo ya chuo imetoka humo, kwa hiyo hatuichezei kazi ya hoteli. Ila mama huyo hajawahi kumwita mwenye hoteli mfadhili wake. Husema anamuuzia nguvu zake, na kwamba bei ni ndogo.

Ombi letu kwa kamati ni hili. Sentensi ile ifutwe, na nafasi yake iwekwe mwaka 1977 na neno Bophuthatswana, ambalo baadhi ya wanachama wa mwaka wa kwanza hawajalisikia kabisa. Pili, basi lisimame saa moja Ledig, kijiji kilicho nje ya lango la Sun City, kabla hatujaingia kuogelea. Mwalimu mmoja amekubali kututafutia mzee wa pale aliyefanya kazi ndani ya hoteli miaka ya mwanzo. Anazungumza Kitswana, hivyo tunahitaji wakalimani wawili. Anayejiweza ampe katibu jina lake kabla ya kikao kijacho.