SMS ya Malipo Si Hati ya Ploti

Wateja wetu wa Malindi, Watamu, Kilifi mpaka Mtwapa hutuuliza swali moja mara kwa mara: "Nimepata ploti nzuri, mwenyewe anataka arubuni leo leo. Nitume?"

Jibu letu: usitume bado. Tunajua si kawaida kusikia hivyo kutoka kwa kampuni ya malipo, maana tunapata ada kila unapobonyeza "tuma". Lakini ukweli ni kwamba akiba ya miaka mitatu inaweza kutoka kwenye simu yako kwa sekunde chache, na ardhi yenyewe huchukua miezi kuhama kutoka jina moja hadi jingine. Katika pengo hilo ndipo watu wanaliwa pesa zao. Msimamo wetu ni huu: kwenye mambo ya ardhi, karatasi itangulie, pesa ifuate.

"Si nina SMS ya malipo?"

SMS inaonyesha kwamba pesa zimetoka kwako zikaingia kwa namba fulani, basi. Haimfanyi aliyepokea kuwa mwenye shamba. Na ile huduma ya kurudishiwa pesa ipo kwa aliyekosea namba, si kwa aliyekosea muuzaji. Ukituma kwa namba uliyoikusudia, naye akazitoa kwa wakala dakika tano baadaye, kinachobaki ni polisi na mahakama.

Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Hata ile karatasi ya mkono iliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa inaweza kukusaidia kama ushahidi. Lakini haibadilishi jina kwenye rejista ya ardhi, na jina la kwenye rejista ndilo linalotazamwa kwanza.

"Muuzaji kazaliwa hapo, na babu yake kazikwa hapo. Bado kuna haja ya kufanya sachi?"

Hapa Pwani ndiyo haja ni kubwa zaidi. Na anayekuuzia si lazima awe tapeli.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa Pwani. Wenye madai walitakiwa wajitokeze wayaandikishe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Jamaa wengi wa Kimijikenda hawakuandikisha kitu. Ndiyo maana mpaka leo kuna familia zimelima, zimejenga na kuzika watu wao kwa vizazi kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mtu mwingine au la serikali. Mtu wa familia kama hiyo akikuambia "shamba ni letu", anasema anachokiamini kwa moyo wote. Ila hawezi kukuhamishia jina ambalo hana.

Katika miji yetu ya Pwani pia kuna nyumba bila ardhi: mtu anamiliki jengo, na kila mwezi anamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Vilevile mwenye minazi si lazima awe mwenye udongo. Basi uliza waziwazi: unaniuzia ardhi, nyumba, au miti?

Jibu la uhakika ni sachi, yaani utafutaji rasmi kwenye usajili wa ardhi. Itakuonyesha jina la mwenyewe, ukubwa, na kama kuna rehani ya benki au kizuizi. Ifanye kabla ya arubuni, kisha irudie kabla ya malipo ya mwisho, maana mambo hubadilika katikati.

Baada ya hapo nenda shambani na mpimaji aliyesajiliwa, mtafute mawe ya mipaka, mzungumze na majirani. Mtu aliyekaa kwenye shamba wazi kwa miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe anaweza kwenda kortini kulidai. Sachi haitakuonyesha moshi wa jiko lake.

"Ameshanionyesha hati miliki. Si imetosha?"

Haijatosha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati na ilinunua kutoka kwa mwingine. Mahakama ikasema kiwanja kilikuwa eneo la wazi la umma, kiligawiwa mara ya kwanza bila kufuata sheria, na hati iliyozaliwa hapo haimlindi hata aliyenunua kwa nia njema.

Mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyohiyo ilisema barua ya ugavi peke yake haimpi mtu umiliki. Anayetaka kukuuzia ploti kwa "allotment" tu anakuuzia matumaini.

Kwa hiyo mwambie wakili wako afuatilie historia ya hati mpaka mwanzo wake, hasa karibu na bahari.

"Nani mwingine lazima akubali?"

Kama ni shamba la kilimo, lazima idhini ya bodi ya ardhi. Maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, na bila idhini sheria inauhesabu mkataba kuwa batili. Kama ni mali ya ndoa, mume au mke naye lazima akubali. Na kama jina kwenye hati ni la marehemu, watoto hawawezi kuuza mpaka mahakama ithibitishe mirathi. "Sisi ndugu tumekubaliana" haitoshi, hata wakiwa saba na wote wametia sahihi.

"Basi nilipe vipi?"

Mkataba ukishatiwa sahihi, lipa kupitia akaunti ya wateja ya wakili, na makubaliano ya maandishi kwamba pesa zitaachiliwa kwa hatua. Kwanza hakikisha kwa Chama cha Wanasheria cha Kenya kwamba wakili huyo ana leseni ya mwaka huu. Usitume vipandevipande kwa simu ya muuzaji, kingine kwa mkewe, kingine kwa dalali. Siku ya kesi utahangaika kuonyesha kwamba zote zilikuwa za ploti moja.

Ada za serikali lipa kupitia eCitizen, namba 222222, si kwa simu ya "mtu wangu wa ofisini". Weka bajeti ya ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini, asilimia 2 mashambani. Kwa ardhi ya shilingi 600,000, hiyo ni 24,000 au 12,000, kabla hujamlipa wakili na mpimaji.

Tunawafikiria sana vijana wetu walioko Saudia na Dubai, wanaotuma kila mwezi ili ndugu "awashikie shamba". Mpende ndugu yako, lakini jina kwenye mkataba liwe lako, na sachi ikufikie kwenye simu yako kabla ya senti ya kwanza kutoka.

Wapo watakaosema wakili ni ghali na hizi hatua zinachelewesha. Ni kweli zinachelewesha. Pia ni kweli muuzaji mwenye ardhi yake halali atakungoja ufanye sachi. Yule anayekuambia "kuna mteja mwingine anakuja saa tisa" mwache amuuzie huyo mteja wa saa tisa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ardhi liko kwenye ofisi ya usajili. Lile la kwenye simu yako linahesabu pesa tu.