Treni imekwama, muuaji yumo ndani: filamu ya kutazama na vijana

Usiku wa manane treni imekwama kwenye theluji. Kunapokucha, tajiri wa Kimarekani aitwaye Ratchett anakutwa amekufa kitandani, mwilini ana majeraha 12 ya kisu. Nje ni theluji tupu, hakuna pa kukimbilia. Muuaji bado yumo behewani.

Hicho ndicho kitendawili cha Murder on the Orient Express, filamu ya Uingereza ya mwaka 1974 iliyotokana na riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1934. Isichanganywe na ile ya 2017 yenye jina hilohilo. Vijana waliozoea milio ya risasi na magari yanayofukuzana watalalamika kwamba hapa watu wanaongea tu. Mzazi asikate tamaa, maana utamu wenyewe uko kwenye hayo maongezi.

Mpelelezi Hercule Poirot, anayeigizwa na Albert Finney, anawaita abiria mmoja mmoja, anauliza, anasikiliza. Kando yake yuko Bianchi, mkubwa wa kampuni ya reli. Kila shahidi akitoka, Bianchi anapayuka kwamba muuaji ni huyo. Akija mwingine, ni huyo tena! Watoto watacheka. Lakini ni nyumba ngapi zina Bianchi wake? Simu ikipotea, wa kwanza kutajwa ni dada wa kazi.

Jambo hilo filamu inaligusa kwa uchungu. Nyuma ya mauaji haya kuna kisa cha miaka mitano iliyopita: mtoto Daisy Armstrong alitekwa na kuuawa, ingawa wazazi wake walilipa fedha zilizodaiwa. Msichana wa kazi alishukiwa bure, akajiua. Christie alichota wazo kwenye tukio la kweli. Mwaka 1932 mtoto wa rubani Charles Lindbergh aliibwa kitandani mwake huko New Jersey, akauawa. Mtumishi wa nyumba ya wakwe zake Lindbergh, baada ya kuhojiwa na polisi mara kadhaa, alijiua. Baadaye ikabainika hakuhusika.

Ingrid Bergman, anayeigiza mmishenari wa Kiswidi mwenye woga, alipata tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo ndogo. Anapohojiwa, kamera haimwachi usoni kwa dakika kadhaa. Mtoto atazame macho na mikono yake, kisha aseme kama anamwamini.

Mwisho wa hadithi hausimuliwi hapa. Itoshe kusema kwamba Poirot akishapata jibu, linabaki swali zito zaidi: mhalifu akiuponyoka mkono wa sheria, nani ana haki ya kumwadhibu? Mtoto aliyewahi kuona kibaka akipigwa na umati mtaani analijua swali hilo. Ni heri alijadili sebuleni na wazazi wake kuliko kufundishwa jibu na umati.

Wadogo walale kwanza, kwani mna kisu na damu, na picha za mwanzo za utekaji zinatisha. Kwa wakubwa, filamu isimamishwe nusu saa kabla ya mwisho, kila mmoja aandike kwenye karatasi jina la anayemshuku. Sharti ni moja, na linamhusu baba na mama pia: anayetaja jina ataje na ushahidi.