Kitenge, bitana na joto la Ingleburn

Tangu kipindi kilichopita maswali mawili yamerudi sana. La kwanza: tuvae nini kwenye harusi na misiba ya Januari bila kuzimia? La pili: vitenge vya mama vilivyojaa sandukuni tuvitunze vipi? Leo nayajibu yote mawili.

Tuanze na hali ya hewa yenyewe. Ingleburn iko bara. Ule upepo wa bahari unaowapoza watu wa Bondi, huku kwetu unafika umechoka, siku nyingine haufiki kabisa. Tarehe 4 Januari 2020, Penrith, ambayo nayo ni magharibi mwa Sydney kama sisi, ilifika nyuzijoto 48.9. Halafu jioni upepo wa kusini ukiingia, joto linaweza kushuka nyuzi 10 na zaidi kwa muda mfupi tu, ukabaki unatafuta sweta. Julai nako, ukisubiri treni asubuhi, mdomo unatoa moshi.

Sasa, wengi wetu tunasema kitenge kina joto. Mimi nasema kwanza muulize fundi kuhusu bitana. Bitana ni kile kitambaa chepesi kinachoshonwa kwa ndani. Kitenge chako kinaweza kuwa pamba safi, lakini bitana ikiwa ya poliesta, jasho halina pa kwenda, linabaki mgongoni. Mwambie fundi asiweke bitana, au aweke ya pamba. Na mshono upwaye kidogo. Ule wa kubana mpaka chini ya goti tuuachie Julai, ukiwa na sweta juu.

Kununua nako kuna akili yake. Geuza kitambaa utazame nyuma. Waksi halisi, kama ile inayotengenezwa na Vlisco wa Uholanzi, kampuni iliyoanzishwa 1846, rangi yake inaonekana pande zote mbili. Vile vya bei rahisi mara nyingi nyuma vimepauka. Kisha kinyanyue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako vizuri upande wa pili, jua la hapa nalo litapita. Ukitaka uhakika kama ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome juu ya sinki, mzazi akiwepo. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na majivu yake ni laini. Poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Kabla hujampelekea fundi, kifue. Pamba hurudi ikioshwa, na gauni likirudi baada ya kushonwa, hilo ni la mdogo wako. Loweka peke yake kwenye maji baridi, mpaka wanga wa dukani utoke na rangi inayochuja iishe. Kitakuwa laini na kitanywa jasho. Kanga pia ni hivyo hivyo. Baada ya hapo ni maji baridi na sabuni ya kawaida, jiki hapana. Anika kivulini, umegeuza ndani nje, na anua mapema, maana jua la kiangazi hapa linapausha haraka. Mashine ya kukaushia iachie taulo.

Sasa sanduku. Familia yetu ilitoka Uvira 1996 ikaenda Nyarugusu, kule Kigoma. Picha zote zilibaki nyumbani. Vitenge vinne vya mama vilifika kambini, na miaka mingi baadaye vikafika Ingleburn. Kimoja kilikuwa cha bibi. Kwa mama hizo ndizo picha zetu.

Mnaukumbuka mwaka 2022? Sydney haikuwahi kupata mvua nyingi vile tangu vipimo vianze. Nyumba za kupanga zililia maji, kabati zikanuka. Siku mama alipofungua sanduku lake, kitenge cha bibi kilikuwa na madoa meusi ya ukungu. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akakishika tu. Mwishowe akasema, "Mwanangu, hiki kilipita vita, kikapita kambi. Kinakuja kuharibikia kabatini?"

Tulikitoa nje, tukavaa barakoa, tukapiga brashi taratibu ili vumbi la ukungu lisiingie ndani. Tukakiloweka kwenye maji yenye siki nyeupe, tukakifua kwa mkono, tukakikausha kabisa. Madoa mengi yalitoka, mawili yamebaki karibu na pindo. Nilidhani mama atakifungia zaidi. Kumbe alimpa dada yangu akavae kwenye ubatizo. Akasema, "Nguo ya kufungiwa ndiyo inaoza. Nguo ya kuvaliwa inapata hewa."

Kwa hiyo kwenu nashauri hivi. Usihifadhi vitenge kwenye mifuko ya plastiki, inafunga unyevu ndani. Vifunge kwenye shuka kuukuu la pamba. Sanduku lisikae sakafuni wala kugusa ukuta wa nje. Usikunje kitu chenye unyevu hata kidogo. Na kila baada ya miezi michache, siku kavu, vitoe vyote vipigwe na upepo, uvikunje upya mahali tofauti ili mikunjo isikate uzi.

Wikendi hii joto halijaanza bado. Mwombe mama, shangazi au bibi mvitoe pamoja. Muulize kila kimoja kilitoka wapi, nani alinunua, kilivaliwa siku gani, wanawake walikiita jina gani. Rekodi kwenye simu, ukipata ruhusa tutumie tuisikilize kwenye kipindi. Tukutane wiki ijayo, na kunyweni maji.