Weka chini kekee

Vijana wanaojiandaa kwa mbio hapa Arusha wameanza kuniletea karakanani baiskeli zilizojaa matundu. Wanataka wepesi, basi nyumbani wanatoboa mikono ya breki, mikono ya pedali, hata bomba la siti. Naiheshimu ari yao. Baiskeli nyepesi ya mashindano huuzwa kwa bei ya pikipiki, na asiye na mfadhili hana budi kujitengenezea. Lakini mimi fundi nasema waziwazi: kekee haina kazi kwenye kifaa kinachobeba uhai wa mtu.

Tupige hesabu. Tundu la milimita 6 kwenye alumini yenye unene wa milimita 4 linaondoa takriban gramu 0.3. Matundu kumi ni gramu 3. Funda moja la maji linazidi hapo. Hata ukipunguza kilo nzima, safari ya kutoka Moshi kupanda hadi Arusha, mwinuko wa mita 500 hivi, haitampunguzia mwendeshaji mwenye nguvu dakika moja kamili. Gramu 3 zitampa nini?

Hasara ya kutoboa ni kubwa. Ukingoni mwa tundu la duara mkazo hupanda hadi karibu mara tatu, na ufa huanzia hapo. Alumini nayo huchoka kidogo kidogo kwa kila mtikisiko. Mkono wa pedali uliotobolewa unaweza kuonekana mzima kwa miezi, kisha ukakatika siku mwendeshaji amesimama juu yake akisukuma kwa nguvu zote. Mkono wa breki ukikatika kwenye mteremko, hakuna cha kumwokoa.

“Fundi, mbona baiskeli ya Merckx ilitobolewa hata cheni?” vijana huniuliza. Ni kweli. Tarehe 25 Oktoba 1972, mjini Mexico City, Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja, juu ya baiskeli ya fundi Ernesto Colnago isiyofika kilo 6. Lakini ile ilikuwa baiskeli ya uwanjani, haina breki, inazunguka kwenye njia laini, na fundi bingwa aliiunda kwa ajili ya saa moja ile. Sisi tuna matuta, mashimo na daladala zinazosimama ghafla. Hata wakubwa wa mchezo wamejiwekea kikomo: tangu mwaka 2000, kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, haziruhusu baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8.

Anayetaka wepesi aanze na spana. Kwenye baiskeli ya Phoenix, fungua keria, stendi, madigadi, dinamo na kava ya cheni. Vikiwa vya chuma, vyote pamoja vinazidi kilo 2. Tunza nati zake, maana baada ya mbio baiskeli hiyohiyo itabeba mzigo wa nyumbani. Bomba la siti likiwa refu mno, kata ncha ya chini, mradi sentimita 10 zibaki zimezama ndani ya fremu. Kisha nunua tairi nyembamba kiasi na uzijaze upepo vizuri, badilisha gololi zilizolika, paka grisi mpya kwenye habu, nyoosha ringi isiguse breki. Kazi hizo zinaongeza mwendo kuliko matundu yote ya kekee, na hazimuui mtu.

Waandaaji wa mbio nao wana wajibu. Kabla ya filimbi, kila baiskeli ikaguliwe breki, usukani na pedali. Yenye kifaa kilichotobolewa isiruhusiwe kuanza mpaka kifaa hicho kibadilishwe. Na mafundi tuitwe pale pale kwenye mstari, tukiwa na vipuri, ili kijana aliyejiandaa kwa miezi asirudishwe nyumbani kwa kukosa mkono wa breki.