Priampu ya valvu na mtoto wa miaka miwili sebule moja?

Msomaji mmoja wa safu hii, baba wa watoto wawili, ameniletea swali ambalo sikulitarajia. Amerithi santuri za marehemu baba yake, amepata mashine ya kuzichezea, na sasa anataka kununua priampu ya valvu, ile yenye vitaa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Mkewe amekataa. Anasema kitu chenye moto na umeme kiasi hicho hakikai sebule moja na mtoto wa miaka miwili. "Nani yuko sahihi?" anauliza baba.

Jibu fupi ni kwamba mama ana hoja, na baba bado anaweza kusikiliza santuri za mzee wake. Inategemea atanunua ipi na ataiweka wapi.

Je, unaihitaji?

Priampu hukaa kati ya chanzo cha muziki, kama simu, CD au mashine ya santuri, na amplifaya inayosukuma spika. Hupokea sauti, huikuza kidogo na kukupa kitufe cha volyumu. Mzazi, kama amplifaya yako tayari ina kitufe cha volyumu na mahali pa kuchomeka CD, basi priampu imo ndani yake. Sabufa nayo ni hivyo hivyo. Hela ya priampu nyingine inaweza kufanya kazi nyingine nyumbani.

Kwa santuri mambo ni tofauti. Sindano nyingi za santuri hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, wakati CD hutoa takribani volti 2. Pia santuri nyingi za tangu miaka ya 1950 zilirekodiwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, hivyo lazima kiwepo kifaa cha kuzirudisha sawa. Msomaji wetu akinunua priampu ya kawaida, atapata sauti hafifu isiyo na besi. Atafute yenye sehemu iliyoandikwa PHONO. Ila kwanza aangalie nyuma ya mashine yake, kwani mashine nyingi mpya zina sehemu hiyo ndani.

Na valvu yenyewe inaongeza nini? Wanaoipenda husema sauti inakuwa laini, haikwaruzi. Kweli valvu huongeza kitu kidogo chake kwenye sauti, na masikio mengi hukipenda. Hilo ni chaguo la msikilizaji. Afya ya mtoto haina chaguo.

Umeme na joto

Hapa mama yuko sahihi. Valvu nyingi hufanya kazi kwa umeme wa volti 100 hadi 300 ndani ya boksi. Kapasita zilizomo zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kwa hiyo hakuna kufungua boksi kwa bisibisi "kuangalia tu". Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuzitoa umeme kwanza. Hata zile ndogo zenye adapta ya volti 12 usizichukulie kama toi, kwa sababu baadhi huupandisha umeme huo ndani.

Kioo cha valvu nacho hupata joto la kuunguza kidole, na rangi ile ya chungwa ndiyo inayomwita mtoto. Chagua ambayo valvu zimefichwa ndani ya boksi au zimefunikwa na wavu wa chuma uliofungwa kwa skrubu. Iweke juu, mtoto asikofika hata akipanda kiti, waya usining'inie, na usiifunike na vile vitambaa vya kufuma tunavyopenda kuwekea redio. Inahitaji hewa.

Mtoto akiungua, weka sehemu iliyoungua kwenye maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Anayenunua mtumba asome kibandiko cha nyuma. Vifaa vya Japani vingi ni vya volti 100 na vya Marekani ni 120, wakati umeme wetu Tanzania ni volti 230. Ukichomeka moja kwa moja kitaungua, na kinaweza kuwasha moto. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kama plagi ina pini tatu, usiikate pini ya ethi ili iingie kwenye soketi ya zamani.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni rimoti. Rimoti nyingi ndogo zina betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Ukihisi ameimeza, nenda hospitali hapo hapo, usisubiri aanze kulia. Rimoti ambayo mfuniko wake wa betri haufungwi kwa skrubu isiachwe kwenye kochi.

Masikio ya mtoto

Baba hakuuliza kuhusu hili, lakini mimi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za kusikiliza kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda huo unakatwa nusu. Mtoto anayesikia desibeli 81 amebakiwa na saa 10 tu kwa wiki nzima. Chembe za kusikia zikifa sikioni hazioti tena, na ulaini wa sauti ya valvu hauzikingi.

Ndiyo maana usinunue priampu inayokuza kupita kiasi. Ikikuza sana, ukigusa kitufe kidogo tu nyumba inatikisika, na mkono wa mtoto hauna kipimo. Kwa simu na CD, ukuzaji wa desibeli 6 hadi 12 unatosha, yaani mara 2 hadi 4. Muulize muuzaji ina valvu gani. Valvu ya 12AX7, ambayo pia huitwa ECC83, ina uwezo wa kukuza takribani mara 100. 12AU7 ni takribani mara 20. Mtengenezaji anaweza kuipunguza nguvu hiyo, kwa hiyo ijaribu dukani kwa simu yako. Kama kitufe kikiwa mwanzo kabisa sauti tayari ni kubwa, iache.

Nyumbani kipimo ni rahisi. Simama mita moja kutoka kwa mwenzio muziki ukipigwa. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, punguza. Tena mtoto wa miaka miwili bado anajifunza kusema kwa kuwasikiliza ninyi. Muziki unaofunika maneno yenu kutwa nzima unamnyima somo hilo.

Kwa hiyo, baba, kabla ya kulipa nenda dukani na mama. Aone wavu umefungwa, asome volti, azungushe volyumu mwenyewe. Akiridhika, nunueni, mkaifunge juu. Asiporidhika, ipo priampu ya santuri ya transista, ndogo, isiyo na kioo cha moto wala volti 300, na nyimbo za babu zitasikika vizuri tu.